Baba Hasikii Gofu

Jamani, mnamjua Mwanamkuu wa Mtaa wa Swahili, yule bingwa wa gofu aliyekuja kuwa mtangazaji? Kama hamjasikia yaliyompata, sogeeni niwape, maana Kariakoo nzima haina habari nyingine.

Alianza kwa kubeba mabegi ya wachezaji, akaishia kuchukua ubingwa wa taifa wa wanawake mara tatu. Bega lilipomkatalia, watu wa tivii wakamdaka. Sasa gofu haitangazwi kama mechi ya watani wa jadi. Mchezaji akisimama juu ya mpira wake uwanja mzima unanyamaza, na mtangazaji ananong'ona kama yuko chumba cha mgonjwa. Kwa kunong'ona, Mwanamkuu hakuwa na mpinzani.

Shida baba yake. Mzee Idrisa alikuwa dalali wa samaki soko la Feri miaka thelathini, na zile kelele za mnada ziliondoka na masikio yake. Siku ya gofu anaenda dukani kwa Nasreen, jirani yao anayeuza tivii, anawashiwa ile kubwa kuliko zote mpaka spika zinatetemeka, na bado haambulii kitu. "Mdomo unacheza tu," analalamika. "Kwani anamuuzia nani siri?"

Mwaka huu daktari akasema hata kile kidogo kilichobaki kinaondoka, wahesabu miezi. Mwanamkuu akamshika mzee bega, akampazia sauti sikioni: Jumapili ni fainali, kaa kwa Nasreen, utanisikia. Alishajipanga. Mpira wa mwisho ukidumbukia tu shimoni anapiga ukelele, si watu watakuwa wanashangilia, nani atajali?

Jumapili ikafika, na anayeongoza ni Shukuru, binti ambaye Mwanamkuu mwenyewe ndiye aliyemfundisha, tangu binti huyo akibeba mabegi. Kabakiza kampira kafupi, hatua mbili tu mpaka shimoni. Akiingiza, bingwa. Meza ya watangazaji ilikuwa chini ya turubai, hapo hapo pembeni. Mwanamkuu akamwona Shukuru anarudisha fimbo nyuma, akamwona kwa mawazo na mzee wake kule dukani kainamia spika, na moyo ukamtangulia.

"Baba, Shukuru bingwa!"

Sauti ya Feri kabisa. Na fimbo ilikuwa haijagusa mpira.

Mkono wa binti ukashtuka, mpira ukapita kushoto. Akaingiza wa pili, akalingana na mwenzake, wakaongezewa shimo moja, akashindwa. Akapita mezani akivua glavu. Wala hakugomba.

"Dada, si ungesubiri tu."

Bosi akamwita Mwanamkuu kesho yake, akamwambia kwa adabu zote apumzike. Mpaka leo kila meseji anayomtumia Shukuru inaweka tiki mbili za bluu, halafu kimya.

Na kule dukani? Nasreen anasema mzee alisimama juu ya kiti, tivii kaipa mgongo, analia na kucheka, anasimamisha wapita njia awaulize kama wameisikia ile sauti, maana ile ni sauti yake, mwanawe kairithi. Alikuja nyumbani na halua. Mwanamkuu akala, akamwambia ahsante baba. Yaliyotokea uwanjani hakumwambia, na hatamwambia.

Wiki iliyopita gofu ikaonyeshwa tena. Mzee akamkokota binti yake mpaka kwa Nasreen, wakakaa bega kwa bega mbele ya tivii. Mtangazaji alikuwa dada mwingine, mgeni, sauti tu, sura haikuonyeshwa.

"Hii mmerekodi, eeh?" mzee akauliza.

Mwanamkuu akatikisa kichwa kukubali.

"Umerudia kunong'ona." Akampiga kofi dogo la goti. "Ile siku ndiyo ulitangaza, mama."

Kwenye kioo Shukuru akasimama juu ya mpira wake. Nje mikokoteni inapiga kelele, wauza viatu wanapiga kelele, bodaboda honi juu ya honi, na Mwanamkuu kajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.