Mshono wa Bi Bolette

Bi Bolette ananiita mume wangu. Yeye ana miaka themanini na moja, mimi ni msichana wa ishirini na miwili, na hapa kwetu hakuna anayecheka. Nilizaliwa mwezi uleule aliopotea mumewe, mzee Ingemann, nikapewa jina lake, na kwetu mwenye jina la marehemu ni marehemu mwenyewe aliyerudi. Paneeraq, jina langu la kike, ni la daftari la shule tu. Akikasirika hunigombeza kwa makosa ya marehemu: mabuti yenye tope, maneno aliyomwambia shemeji yake, dada wa Bi Bolette.

Ingemann alitoka kuwinda sili kwa kayaki, mtumbwi mwembamba wa ngozi, aliyoshonewa na mkewe. Kayaki haikuonekana, wala yeye. Hakuna aliyemlaumu Bi Bolette, lakini alijilaumu mwenyewe. Aliamini mshono wake uliachia. Sindano akaifungia kabatini.

Mwaka huu nilimwambia naingia mashindano ya kuzunguka kisiwa, siku tatu, kwa kayaki ya ngozi, na ngozi ataishona yeye.

"Mume wangu, una wazimu."

"Ninao. Unashona hushoni?"

Alininunia wiki mbili, kisha akaja na sindano. Alishona kila mshono mara mbili, akapaka mafuta ya sili. Asubuhi ya kuondoka alinishika mkono. "Nikikuta maji humo ndani, nitajua ni mimi niliyekuua wakati ule."

Wengine wote walikuwa na kayaki za plastiki. Aqqaluartaq, jirani yetu mwenye domo, alinipita siku ya kwanza akipiga kelele: "We Ingemann! Hicho kiatu kikianza kunywa maji uniite, kamba ninayo!"

"Itunze, utavutwa nayo wewe!"

Jioni wenzangu walikimbilia kahawa. Mimi niliinamia ngozi, nikaipaka mafuta kwa viganja vilivyochubuka. Ndani pakavu. Siku ya pili nilimaliza wa nne, na ndani bado pakavu.

Siku ya tatu, kwenye rasi, jabali la barafu lilimeguka karibu yetu. Wimbi lake likanipindua. Maji ya kwetu huuma kichwa kizima kama jino bovu. Nilijaribu kujiinua kwa kasia, nikashindwa. Nikajaribu tena, nikashindwa.

Jambo rahisi lilikuwa kufungua koti nililovaa, lililofungwa kuziba mdomo wa kayaki, nitoke, mashua ya uokoaji inichukue. Lakini kayaki ingejaa, na Bi Bolette asingeniuliza maji yamepitia wapi. Angeona maji tu. Nilipandwa na hasira. Niliikasirikia bahari, nikamkasirikia Aqqaluartaq na kamba yake, nikamkasirikia hata huyo Ingemann. Sitoki, nilijiambia. Nikalaza mwili juu ya maji, nikasukuma kasia kwa nguvu zote zilizobaki, nikaibuka.

Aqqaluartaq alikuwa pembeni, kamba mkononi, uso umempauka. "Uko hai?"

"Toa kamba yako hapa!"

Aliitoa, ila hakuniacha tena hadi mwisho. Nilimaliza wa sita. Ningesema sikujali, lakini ningekuwa mwongo.

Bi Bolette hakunisalimu. Alipiga magoti kwenye kokoto, akaingiza mkono ndani ya kayaki mpaka kwapani, akapapasa mshono wote, mbele na nyuma. Akautoa, akaviweka vidole shavuni.

"Pakavu," alisema.

Kisha akaketi palepale akalia kwa sauti mbele ya watu wote, jambo ambalo mama anasema hakulifanya hata msibani.

"Miaka yote hii nilidhani ni mkono wangu, mume wangu."

Kijiji kizima kilikwishamwambia siyo, na hakumwamini yeyote. Niliketi kando yake, maji yakinichuruzika.

"Haukuwa mkono wako, Bolette," nilimwambia, mara ya kwanza bila ile Bi. "Mimi ndiye ninayejua."

Alifuta macho.

"Basi vua hayo mabuti kabla hujaingia ndani," alisema. "Supu inapoa."