Siku ya Themanini

Siku ya themanini ilikuwa kesho, na binti wa Zerai mhunzi hakuwa na mama wa ubatizo. Mtoto wa kike hubatizwa siku ya themanini tangu kuzaliwa, si ya themanini na moja, na lazima awepo mwanamke wa kumpokea kutoka majini. Lemlem, jirani aliyekuwa ameahidi, alikuja asubuhi ile kuitangua ahadi yake. Hakuingia hata ndani ya ua.

"Watu wanasema jicho la mhunzi lina fisi ndani yake," alisema akitazama chini. "Nina watoto mimi, shemeji. Nisamehe tu."

Jembe alilolibeba begani lilifuliwa na Zerai. Shukrani ya punda ni mateke.

Na si Lemlem peke yake. Mji mzima ulilima kwa majembe ya Zerai, ukalala salama kwa mikuki yake, na kila Jumapili ukaubusu msalaba wa chuma aliomfulia Aba Kinfe, kasisi wao. Lakini kutia chakula kinywani huku Zerai akitazama, hakuna aliyethubutu. Mhunzi akikuona unakula, walisema, tumbo lako si lako tena. Upuuzi mtupu, lakini upuuzi ukishazoeleka hupewa kiti cha mbele.

Letai, mkewe, alilia mpaka macho yakavimba. Zerai alirudi kwenye mivukuto yake, kwa kuwa msafara wa chumvi ungeteremka jangwani keshokutwa na mikuki ya walinzi ilikuwa haijaisha.

Adhuhuri mwenye msafara akaja kuichukua. Huyu ni Mama Medhin, mjane mwenye ngamia arobaini na ulimi wa kuwatosha wote. Aliinua mkuki mmoja, akaugonga kwenye jiwe, akasikiliza mlio wake.

"Chuma hiki kizima," alisema. "Wewe je? Mbona umenuna kama uliyemeza kaa la moto?"

Zerai akamweleza. Hakukusudia kumwomba. Angemwombaje mwanamke ambaye wapagazi wake wangemkimbia wakisikia?

Mama Medhin aliuegemeza mkuki ukutani.

"Mwaka juzi wanyang'anyi walitutokea kule mteremkoni," alisema. "Mikuki niliyonunua pwani ilipinda kama mabua ya mtama. Yako haikupinda. Vijana wangu kumi na mmoja wakarudi kwa mama zao, na hakuna aliyekuja kukwambia asante. Hata mimi sikuja! Nilituma chumvi, nikajiona nimetimiza wajibu. Mtoto nitampokea mimi."

"Wapagazi watakukimbia, mama."

"Wakimbie waende wapi? Wakaajiriwe na hao fisi?"

Kesho yake, kanisani, Aba Kinfe aliuliza nani anampokea mtoto huyu. Wanawake wakatazamana.

"Mimi," Mama Medhin akajibu. "Na ufanye hima, Aba, maji ni baridi."

Akampokea binti aliyekuwa akilia kwa nguvu zote, akamfunga shingoni uzi wa ubatizo, akambusu paji la uso mbele ya kila mtu. Zerai, aliyesimama nyuma kabisa, alimshukuru Mungu kwa midomo isiyotoa sauti.

Letai alikuwa amepika chakula cha watu thelathini. Alikuja mmoja. Wengine walichungulia juu ya ua. Mama Medhin aliketi mbele ya sinia, akakunja mikono ya nguo, akamega mkate wa injera na kuuchovya kwenye mchuzi wa dengu. Zerai akageukia ukutani, kama alivyozoea tangu utotoni.

"Geuka huku! Nitakulaje na mwenye nyumba amenipa kisogo?"

Akageuka. Mama Medhin alifinyanga tonge kubwa, akamtia Zerai kinywani kwa mkono wake mwenyewe, kama ndugu wanavyolishana. Kisha akafungua kinywa chake, akangoja.

Mikono ya Zerai ilikuwa na weusi wa masizi usiotoka kwa maji. Alimega kipande kidogo kama punje ya dengu, akamlisha. Mama Medhin akatafuna, akameza. Kule juu ya ua shingo zikazidi kurefuka.

"Mungu akulipe, mama," Zerai alisema, na machozi yakamshuka. "Akulipe, akulipe." Akaurudisha mkono wake haraka mapajani. Aliona amepewa mengi mno kwa siku moja, na si vizuri kuongeza.

Mama Medhin akaachama tena.

"Tonge moja huleta ugomvi, mwanangu," alisema. "Ndugu hulishana la pili. Hukufundishwa?"

Hakufundishwa. Nani angemfundisha, na hakuna mgeni aliyewahi kula mkononi mwake?

Zerai akamega la pili, kubwa kama ngumi, akamlisha.