Gnosis na Mashuka ya Wageni

Ninayoyaeleza hapa ni kweli tupu. Kama nimetia chumvi hata punje, meno yangu ya bandia yadondoke nikiwa ugenini.

Neno lenyewe ni la Wagiriki wa kale: gnosis. Nilifundishwa na nahodha mmoja Mgiriki, enzi nikilinda maghala bandarini. Alinishika bega akasema kuna kujua kwa kuambiwa, na kuna kujua kwa kukutana na kitu chenyewe hadi kikuachie alama. Huko kwa pili ndiko gnosis. Kisha akalia, maana aliona mimi ninayo tayari.

Habari hii nilikuwa nampa jirani yangu kinyozi, barazani, huku mke wangu akifua mashuka ya nyumba ya wageni. Tangu nistaafu, mashuka hayo ndiyo yanayotulisha. Siku hiyo alikuwa akikamua kwa mkono mmoja. Bega la pili lilikwisha goma.

"Nimechoka," akasema, wala hakumtazama mtu.

"Najua, mke wangu." Ndivyo ninavyomjibu kila siku.

Akaliacha shuka lizame. "Unajua kwa kujua kupi?"

"Kwa gnosis! Mimi huyu niliwahi kufua blanketi za jeshi zima peke yangu, povu likafunga barabara, magari yakageuza."

Kinyozi akakohoa. "Mzee, sabuni ya nani hiyo?"

"Na nahodha gani?" mke wangu akauliza. Hakupaza sauti, hata hasira inataka nguvu. "Neno umelisikia jana redioni, mimi napiga pasi, wewe kitini unajifanya umelala. Ulilinda ghala la karatasi. Bandari umeiona kwenye kalenda."

Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, umemnyoa bila maji!"

Nikatafuta uongo wa kujibia, nikakuta umeniishia. Mke wangu akajaribu kuinua ndoo, ikamshinda, akaiachia taratibu.

"Wanayataka jioni," akasema. "Wakiyakosa, kazi wanampa mwingine."

Nikakunja mikono ya shati. Yeye akakaa kwenye kiti changu.

Shuka lililolowa lina uzito wa mtu aliyezirai. Kabla sijafika katikati ya rundo, kiuno kilikuwa kinaniita kwa jina, na vidole vimechunika.

"Mzee, ndiyo gnosis hiyo?" kinyozi akauliza.

Nikahema, nikalivuta shuka kwenda kulianika.

"Hilo bado lina sabuni," mke wangu akasema, macho kayafumba. "Suuza tena."

Nikasuuza.