Ruhusa Mbili kwa Zamu

Saa nne asubuhi ilikuwa haijafika, na tayari Mama Pacha alikuwa ameinuka mara tatu kwenda chooni. Kiwandani pale ruhusa ilikuwa mara mbili kwa zamu nzima. Alirudi kwenye cherehani, akakaa upande mmoja wa paja, akaendelea kushona kola.

Mwaka uliopita alipigwa mionzi wiki tano, kisha akapasuliwa. Walikata sehemu ya utumbo wa chini yenye saratani, wakaunga uliobaki. Umepona, walimwambia. Haya mengine hawakuyasema sana: haja isiyosubiri, damu ya hapa na pale, ngozi iliyochubuka hata kukaa kukawa adhabu. Mchana hali kitu, anaogopa tumbo lake mwenyewe.

Msimamizi alisimama nyuma yake na daftari.

"Mama, mara tatu hizo. Una nini huko chooni?"

"Nilileta cheti, bosi."

"Kimeandikwa 'ahudhurie kliniki'. Choo hakikutajwa."

"Nilikirudisha hospitali. Karani kasema daktari anayeandika yuko Alhamisi tu. Nikakuomba Alhamisi, ukaninyima."

"Bila cheti nitakupaje ruhusa?"

Wifi yake, aliyekuwa kwenye cherehani ya jirani, akaguna. "Yaani akaumwe kwanza kwa maandishi."

"Wewe nimekuuliza?"

Hapo tumbo likamsokota Mama Pacha. Alibana meno, akabana na kila kitu kingine. Kwa miezi alikuwa amewaambia wenzake ni vidonda vya tumbo, maana alionea haya neno lenyewe. Sasa akasimama.

"Nilikuwa na saratani ya njia ya haja kubwa," alisema, na safu nzima ikasikia. "Nikibanwa sina hata dakika mbili. Andika hivyo."

Akatembea haraka kadiri alivyoweza. Wifi yake akazima cherehani, akamfuata.

"Na mimi niandike," alimwambia msimamizi akipita.

Hawakuwahi. Mlangoni kabisa mwa choo, mwili ulimtangulia. Wifi yake alimwingiza ndani, akafunga komeo, akajivua khanga ya kiunoni.

"Usilie, wifi. Leta hiyo sketi."

"Wameona?"

"Wameona. Inua mguu."

Msimamizi akagonga. "Nyinyi wawili! Mnatoka lini?"

"Tukimaliza," wifi alijibu, akafungulia bomba mpaka mwisho.