Stesheni Iliyotangulia Tanuru

Mchora ramani na fundi saa walikaa kiti kimoja katika treni ya asubuhi kwa miaka tisa bila kuulizana majina. Mchora ramani alipandia mwanzo wa njia, akamwekea yule mzee fundi saa nafasi. Mzee alipandia stesheni ya nne, yenye ukuta wa matofali mekundu, na kabla treni haijashika mwendo alikuwa ameshaanza: stesheni ilijengwa kwa ajili ya tanuru la matofali, na tanuru lilikuwa la babu yake. Bila babu, treni ingepita pale bila hata kupiga honi.

Mchora ramani hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye mpaka jioni, na jioni pia hakuwa naye.

Jumatatu moja alimweleza mzee kwamba ofisini amekuta ramani ya zamani. Stesheni imo. Penye tanuru pana kichaka tu.

"Kwa hiyo babu yako ndiye aliyeifuata reli," alisema.

Mzee alifunga kifungo cha koti. "Haya, mama." Siku zote alikuwa akimwita "binti yangu".

Kesho yake hakupanda, wala wiki nzima. Jumatatu iliyofuata mchora ramani alishuka stesheni ya nne, mara ya kwanza maishani mwake, akaenda kwenye dirisha la mkata tiketi.

"Namtafuta mzee mmoja, fundi saa."

"Anaitwa nani?"

"Sijui."

"Anakaa wapi?"

"Sijui. Huwa anapanda behewa la tatu."

"Dada yangu, hiyo nayo ni anwani?" Mkata tiketi alicheka, kisha akamhurumia. "Mwenye koti la kijivu? Mzima kabisa. Siku hizi anapanda behewa la mwisho. Si yule pale?"

Treni iliyofuata ilikuwa inaingia. Mchora ramani aliwahi behewa la mwisho. Mzee alikuwa ameketi na muuguzi mwenye sare, na kiti kilikuwa cha watu wawili. Alisimama kando yao, akashika bomba la kujishikilia.

"Bila babu yangu," mzee alikuwa akisema, "stesheni hii isingekuwepo."

"Acha zako, mzee! Kweli?"

Mzee aliinua macho, akamwona. "Muulize binti yangu huyu. Anachora ramani." Hakusema kwa kejeli. Ilikuwa karibu na kuomba.

Muuguzi alimgeukia, akingoja. Neno moja tu lingetosha. Lakini mchora ramani hajawahi kuchora mto mahali pasipo na mto.

"Stesheni ilitangulia," alisema.

"Mzee, umeumbuka!" Muuguzi aliangua kicheko. Mzee naye alicheka kidogo, kwa adabu, akatazama nje.

Mzee alishuka mapema kuliko kawaida yake, bila kuaga. Muuguzi alisogea dirishani kumpisha mchora ramani akae, akachomeka waya za simu masikioni, akafumba macho.