Dawa Aliyoificha Mjomba Lameki

Siku ya nne tangu chupa ipotee, Enelesi alifagia uwanja mara tatu kabla jua halijapanda. Akasugua sufuria zilizokwisha kutakata, akamenya viazi ambavyo hakuna wa kuvila. Ndani, mama yake, Nachisale, aliguna kwa meno yaliyoumana, na kila mguno ulimng'oa Enelesi alipo ukamtupa pengine.

Saratani ya kizazi ilikuwa imeshaingia mifupani. Hospitali ilimrudisha mgonjwa nyumbani, huku Dedza, vilimani mwa Malawi, akiwa na chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, rangi ya kijani. Wiki mbili ilimtuliza. Kisha ikatoweka rafuni, na Enelesi akapekua mpaka magunia ya mahindi asiione.

"Njoo ukae, mwanangu," mama aliita. "Umefagia mpaka ardhi inaona haya."

"Nakuja, mama."

Hakwenda. Akiketi pale angelazimika kuutazama ule uso.

Pikipiki ikanguruma njiani. Alikuwa Tiyanjane, muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani. Aliingia, akamwona Nachisale amejikunja kama jani la tumbaku, akatoka upesi.

"Chupa iko wapi?"

"Imepotea," alisema Enelesi.

"Haijapotea." Sauti ilitoka barazani, alikoketi mjomba Lameki, kaka yake Nachisale, akisuka kikapu. "Niliichukua mimi."

Kwao mjomba ndiye mwenye ukoo. Hakuna anayempandishia sauti. Enelesi alikipiga teke kile kikapu kikavingirika uwanjani.

"Siku nne! Dada yako anaumia, mimi nahangaika kama kichaa, na wewe umekaa tu unanitazama?"

Mzee hakuinua macho. "Mke wangu Fainesi nilimpa dawa hiyohiyo, kwa mkono huu. Ilikuwa asubuhi. Adhuhuri akawa amekwisha. Miaka sita sijamwambia mtu. Sasa nimmalize na dada yangu?"

Tiyanjane alikaa kizingitini.

"Siku ile alikuwa anakula, mzee?"

"Siku ya tatu hajala."

"Miguu yake?"

"Baridi. Mpaka magotini."

"Basi alikuwa ameshashika njia. Ulichompa kilimwezesha kwenda bila kulia. Kipimo tunachotoa kinaondoa maumivu, mzee. Hakiondoi mtu."

Lameki alitafuna midomo. Ndipo sauti ikatoka chumbani:

"Nyie huko nje! Mnagawana urithi nami nipo? Nani ameniuliza mimi ninataka nini?"

Wakaingia wote watatu.

"Lameki, nenda kalete dawa yangu. Na wewe, muuguzi, usinifiche. Nitaziona mvua?"

Agosti ilikuwa ukingoni, na mvua zingeanza Novemba. Tiyanjane alimshika mkono. "Sidhani, mama."

Enelesi alitoka mbio. Alifika shamba la viazi, akang'oa magugu, akang'oa na viazi vyenyewe, mpaka kucha zikajaa udongo. Alitaka kumchukia yule muuguzi, akashindwa; mama aliuliza, akajibiwa.

Aliporudi alimkuta mjomba amepiga magoti kando ya kitanda, bomba dogo la plastiki lisilo na sindano mkononi. Tiyanjane alikuwa amemshika kifundo cha mkono.

"Mpaka kwenye mstari huu. Usizidishe."

Dawa iliingia shavuni mwa Nachisale. Uso ukalegea taratibu, akalala. Lameki aliinama akihesabu pumzi zake, na kila moja ilipochelewa alishtuka, naye Enelesi akashtuka pamoja naye. Ilipofika adhuhuri mzee alikuwa ameloa jasho.

Saa nane mgonjwa akafumbua macho.

"Upo?" aliuliza Lameki, machozi yakimtiririka.

"Nipo, mjinga wewe. Nina njaa. Hamna hata uji?"

Tangu hapo mzee hakumwamini mtu mwingine na lile bomba. Kila baada ya saa nne alipima mwenyewe. Ndugu hao waligombana kwa utani kuhusu mbuzi aliyepotea utotoni mwao, kila mmoja akidai mwenzake ndiye aliyelala malishoni. Enelesi alijifunza kumpaka mama mafuta miguuni.

Nachisale alifariki alasiri moja ya Oktoba, akiwa hana maumivu, kabla ya mvua. Baada ya mazishi Lameki alimwomba mpwa wake msamaha kwa zile siku nne.

"Bado, mjomba," alisema Enelesi. "Nikiweza nitakwambia."

"Nitangoja," alisema mzee.

Wakaenda pamoja kuwaaga waombolezaji.