Rangi Kabla ya Jaji

Gari lilikuwa limefunikwa shuka jekundu mbele ya jukwaa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua thelathini kutoka hapo, najaribu kukumbuka jambo moja tu: jana nilizikaza bolti zote za breki, au sikuzikaza?

Pale kiwandani hawaniiti kwa jina. Wananiita Kabati, kwa sababu kila kitu nakihifadhi. Nakumbuka siku waliyotukata nusu saa ya chakula, na nani aliyetia sahihi. Nakumbuka viatu vya usalama tulivyoahidiwa tukiwa vijana, vikaja miguu ikiwa imeshavimba kwa uzee. Nakumbuka meneja wa tatu kabla ya huyu wa sasa alivyopanda juu ya sanduku akasema sisi ni familia moja, na Ijumaa ya wiki hiyo hiyo akawafukuza watu arobaini wa familia hiyo. Kichwa changu hakisahau. Ila asubuhi ile kilikuwa kama kabati lililovunjwa na wezi, milango wazi na ndani hamna kitu.

Gari tulilokuwa tunalizindua lilikuwa lile lile la baba, mama na watoto ambalo tumeliunganisha kwa miaka tisa. Buti kubwa, mwendo wa adabu, halimtishi mtu. Sisi mafundi tulikuwa tunaliita Baba Mpole. Sasa wakubwa walikuwa wamelitia supachaja, pampu inayoishindilia injini hewa mpaka ifoke kama imetukaniwa mama, wakalivika magurudumu mapana na breki kubwa zenye kalipa nyekundu. Kalipa ni lile koleo linalobana sahani ya breki ili gurudumu lisimame. Likichomoka, unakanyaga na huko chini hakuna anayekuitikia. Toleo hili jipya sisi tuliliita Baba Kachukia.

Ratiba ilikuwa hivi: dereva azunguke uwanja wa majaribio mara moja taratibu, kisha aliachie kwenye njia iliyonyooka, halafu afunge breki ghafla mbele ya jukwaa, wageni waone nguvu na utii wake. Njia hiyo inaishia kwenye ukuta wa bohari. Ukuta wa zege. Nakumbuka hata siku ulipojengwa.

Dereva alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Na kwa kuwa ni gari la familia, Mkurugenzi aliona ingependeza familia iwemo. Mdogo wangu kiti cha mbele, wapwa zangu wawili nyuma, wote wamevalishwa fulana zenye nembo ya kampuni.

Nieleze habari ya rangi, maana yote yametokea hapo. Bolti ya breki kwetu inakazwa kwa spana ndefu inayopima nguvu. Ikifika kipimo inalia, tak. Spana hiyo tunaiita Jaji, maana ikishasema imesema, hakuna rufaa. Jaji akishalia, fundi anachukua brashi na kupiga mstari wa rangi ya njano, nusu juu ya bolti, nusu juu ya chuma. Mstari huo ni kiapo. Anayekuja nyuma yako hashiki tena. Akiona njano anapita. Na kanuni hiyo haikushuka kutoka ofisini. Tuliitoa sisi, mwaka ule gurudumu lilipochomoka kwenye gari la majaribio likamkuta Mrefu, fundi mwenzetu, ameketi kivulini anakula. Wao walisema ni bahati mbaya. Sisi tulikaa chini siku tatu bila kugusa chombo, mpaka wakaikubali karatasi yetu: Jaji kwanza, rangi baadaye, na mwenye rangi ndiye mwenye dhamana. Karatasi ile niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu huu wa darasa la tano.

Na aliyeivunja ni mimi.

Uzinduzi uliwahishwa siku mbili kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na safari zake. Jana saa kumi jioni tulikuwa bado tunafunga breki, akaja mpiga picha. Magurudumu yalikuwa nje, gari limeinuliwa, yeye analala chali sakafuni anatafuta pembe nzuri. Meneja akainama akachungulia. Akasema bolti zisizo na rangi zinaonekana kama kazi haijaisha.

"Haijaisha," nikamwambia.

"Wewe paka tu, akiondoka utakaza. Kwani rangi inauma?"

Nikapaka. Bolti nane, mistari minane, imenyooka kama daftari la mtoto anayependwa na mwalimu. Mpiga picha alipoondoka nikamshika Jaji nikaanza kukaza, na katikati ya kazi nikaitwa ofisini kutia sahihi karatasi ya zamu. Karatasi ilikuwa ya uongo, kama kawaida yao. Nikagombana nao nusu saa nzima, na ugomvi nauweza. Nilivyorudi, magurudumu yalikuwa yamefungwa na gari linasukumwa kwenda jukwaani. Nikachungulia chini: njano kila mahali. Njano ikaniambia umemaliza, nami nikaiamini, nikaenda nyumbani. Asubuhi nilikuwa nanawa uso ndipo lilipokuja kama kofi: nilikuwa nimefika wapi? Nakumbuka kila neno la ugomvi ule. Magurudumu siyakumbuki.

Nikamfuata msimamizi wa karakana. Alikuwa amevaa suti ya kuazima, anajipanguza viatu kwa gazeti.

"Mkuu, lile gari lisitembee. Sina hakika na breki."

"Rangi ipo?"

"Ipo."

"Basi zimekazwa. Au kanuni si yako?"

"Walinilazimisha nipake kabla."

"Walikulazimisha." Akakunja gazeti. "Kabati, wewe kila siku unalazimishwa. Mwaka jana siku ya ugeni ulisimamisha kazi, ukasema winchi ina ufa."

"Ilikuwa na alama."

"Ilikuwa na mkwaruzo, baba. Mkwaruzo. Wageni wakaondoka, mimi nikabaki nikila maneno. Leo huniingizi mjini."

Ukipiga kelele miaka ishirini, hata ukiungua moto watu watasema ndiyo sauti yake. Nikaingia karakana, nikamchukua Jaji, nikamviringisha ndani ya ovaroli, nikaenda nyuma ya jukwaa.

Walikuwa wanne wamesimama pamoja. Mdogo wangu alikuwa anamfuta mwanawe mdogo pua. Aliponiona tu, mkono ukasimama.

"Kaka, uso huo naujua. Ndio ule wa harusini kwangu."

"Harusini nilisema ukweli."

"Ulishika kipaza sauti ukasoma dhambi za kampuni mpaka chakula kikapoa. Mama mkwe wangu mpaka leo akikusikia unakuja anaficha redio, usije ukasikia habari ukaanza tena."

Shemeji akacheka. Ni mtu wa utani, na mimi na yeye hatujawahi kusalimiana bila kuchokozana. "Muache. Shemeji, umekuja kuniombea dua au kuniandikisha kwenye mgomo?"

"Usiendeshe hilo gari."

"Haya, mgomo."

"Sitanii. Breki zina shaka."

"Kwako wewe nini hakina shaka? Jua likichomoza unauliza nani kalituma." Akanikaribia, akashusha sauti, na utani wote ukamtoka. "Shemeji, nisikilize. Miaka sita mimi ni kibarua. Miaka sita, kila mwisho wa mwezi naangalia ubao kama jina langu lipo. Mkurugenzi kaniambia kwa mdomo wake, nikimaliza huu mzunguko nasaini ajira ya kudumu. Leo hii."

"Na usipomaliza?"

"Ndiyo nakwambia nataka nimalize."

Nikaanza. Nikawataja wote: Meneja na haraka yake, mgeni rasmi na safari yake, karatasi za uongo, Mrefu na sahani yake ya chakula iliyobaki kivulini. Nilisema kweli tupu, na nilivyozidi kusema ndivyo nilivyoona macho yao yanaondoka kwangu. Shemeji alitazama saa. Wapwa zangu walikuwa wanachezea kamba za jukwaa. Mdogo wangu akanishika mkono, mkono wake una baridi.

"Kaka, siku moja tu. Tuachie siku moja."

Kipaza sauti kikawaita. Shuka jekundu likavutwa, watu wakashangilia, na Baba Kachukia akatokea anang'aa kama kidonda kilichopakwa mafuta. Nikawaona wakitembea kuliendea, wanapunga mikono kama walivyofundishwa. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mpwa wangu mkubwa akaingia, kisha mdogo, wakafungwa mikanda. Ule mlio wa mkanda ukiingia kwenye kibanio, tak, nikausikia toka nilipo, au nilidhani nimeusikia.

Shemeji akawasha. Chini ilikuwa ngurumo tuliyoizoea, lakini juu yake supachaja ilipiga mluzi mwembamba unaopanda, kama filimbi inayopulizwa ndani ya pipa. Mgeni rasmi aliziba sikio moja akitabasamu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ukuta wa bohari.

Sikumbuki nilivyovuka kamba. Nakumbuka mlinzi amenishika kola na mimi nimeshika dirisha la dereva, ovaroli limeanguka, Jaji yuko wazi mkononi mwangu.

"Shemeji."

"Niachie kioo, utaniaibisha."

"Nilipaka kabla ya Jaji."

Akamtazama Jaji mkononi mwangu.

Huyu kijana alianzia kwangu, kwenye breki, kabla hajahamia udereva. Nilimfundisha mimi kushika spana. Siku moja aliinua brashi kabla sijasikia mlio, nikampiga vidole kwa mpini wa nyundo, hakuja kazini siku mbili. Anajua. Ningeweza kusimama pale mpaka jioni nikisema wao wamefanya, wao wamelazimisha, na asingeinua mguu kwenye pedali.

"Nani alipaka?" akauliza.

"Mimi. Kwa mkono wangu huu. Bolti zote nane. Sijui niliyoikaza na ambayo sikuikaza."

Mdogo wangu akageuka akanitazama. Katika maisha yake hajawahi kunisikia nikisema mimi.

Shemeji akazima injini. Mluzi ukashuka, ukafa, na uwanja mzima ukasikia turubai la jukwaa likipigwa na upepo. Akachomoa ufunguo, akautia mfuko wa shati, akateremka.

Meneja alikuja mbio huku akitabasamu kwa ajili ya kamera. "Kuna nini? Washa gari."

"Haliendi mpaka Jaji apite," Shemeji akasema.

"Unajua unachezea nini?"

"Najua, bosi. Nimekichezea miaka sita." Akafungua buti, akatoa jeki.

Mshereheshaji alikuwa mtu wa akili ya haraka. Akaona jeki, akaona spana, akalishika jambo kabla halijaanguka. "Mabibi na mabwana, kabla ya kuliona likikimbia, fundi wetu bingwa atatuonyesha breki zenyewe." Watu wakapiga makofi. Meneja akainama karibu na sikio langu, bado anatabasamu. "Wewe na mimi tutaonana." Nikalihifadhi hilo pia.

Tulianza na gurudumu la mbele kushoto kwa kuwa ndilo lilikuwa karibu. Gari likainuka, gurudumu likatoka, kalipa ikabaki uchi, nyekundu, na nyuma yake bolti mbili zenye mistari yangu mizuri ya njano. Nikaingiza mkono kwa nyuma. Nikamweka Jaji kwenye bolti ya chini, nikavuta.

Tak.

Hapo hapo, bila hata kusogea. Hofu ikageuka upande wa pili: nimewaharibia bure. Ajira ya shemeji imekwenda, siku ya mdogo wangu imekwenda, na mimi ni mzee wa mikwaruzo. Shemeji alikuwa amechuchumaa ananimulikia kwa tochi.

Nikamhamisha Jaji kwenye bolti ya juu. Nikavuta.

Ikazunguka.

Mstari wa njano ukakatika katikati, nusu ya bolti ikaondoka, nusu ya chuma ikabaki. Robo mzunguko. Nusu. Mzunguko mzima, laini, kama kifuniko cha chupa, na Jaji kimya. Ilikuwa imefungwa kwa vidole tu. Ndipo kabati likafunguka, nikajiona jana, spana iko hewani, sauti mlangoni inasema njoo utie sahihi, nami nageuka tayari nimekasirika.

Shemeji akashusha tochi. Aliinua kichwa akamtazama mkewe kupitia kioo, hakumwita, wala hakumpa ishara. Mdogo wangu akafungua mlango. Akazunguka nyuma, akamfungua mkanda mdogo, kisha mkubwa, akawashika mikono na kuondoka nao kuelekea upande wa geti, mbali na njia iliyonyooka, mbali na ukuta. Mkubwa alikuwa anauliza kama imekwisha. Watu wakawapigia makofi nao, wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Mara ya nne navuta, Jaji akalia. Nikaikwangua njano yote ya gurudumu lile kwa kucha, tukalirudisha gurudumu.

Meneja akainama tena. "Umemaliza?"

Nilikuwa nimejua nilipoishia jana. Nilipoanzia sikujua, wala ni magurudumu yapi niliyapita.

"Bado magurudumu matatu," nikamwambia, nikaisogeza jeki.